Fundi Cecil na Mgeni wa Masasi

Ukipeleka radio kwa Cecil, kibandani kwake nyuma ya soko la Newala, hakukuuliza ina tatizo gani. Kwanza aliinyanyua kwa mkono mmoja kama anayepima mzigo. Halafu aliitikisa karibu na sikio, na mwisho akakutazama wewe.

"Umeinunua wapi? Na nani alikuwepo?"

Wengine walikasirika. Walikuja kutengenezewa radio, hawakuja kutoa ushahidi. Lakini Cecil alikuwa na sababu zake. Zamani, maduka yalipokuwa matupu, radio zilikuwa chache na kila moja ilijulikana imetoka wapi. Biashara ilipofunguliwa vitu vikamiminika, na katika msimu wa kwanza mkulima mmoja wa Chilangala alikuja na radio mpya, nzito, yenye spika nne, aliyoinunua kwa korosho za mwaka mzima. Cecil aliifungua mbele yake. Spika mbili zilikuwa wavu mtupu, nyuma yake hakuna kitu. Chini kabisa, limebandikwa kwa gundi, lilikuwepo bamba la chuma lisilo na kazi yoyote ila kuongeza uzito. Mkulima aliligonga bamba lile kwa ukucha, kisha akauliza kama linaweza kufaa kwa jembe.

Tangu siku hiyo Cecil aliyaweka mabamba ya namna hiyo kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtu akianza kusifia bidhaa mpya, alilimimina kopo mezani, akamwachia ayasikilize yakigongana.

Kila chombo kilichoingia kibandani kilifungwa kikaratasi kwa uzi. Kikaratasi kilikuwa na moja kati ya maneno mawili: "Nimeifungua", pamoja na tarehe na alichokiona ndani, au "Sijaifungua". Kwa chombo chenye neno hilo la pili, Cecil hakutoa maoni hata ukimbembeleza kwa ndoo mbili za maji mwezi wa kumi, wakati visima vya mvua vimekauka na ndoo moja ina thamani kuliko fedha. Alisema, "Sijafungua, sijui. Sijui, sisemi."

Watu walidhani anavichukia vitu vipya. Mkewe, Severina, ndiye aliyejua kwamba ni kinyume chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelala vitu hivyo vikiwa chini ya kitanda chake. Kikokotoo kinachotumia jua kilipofika Newala, Cecil alikinunua siku hiyohiyo, akakaa nacho uani akikiziba na kukizibua kwa kidole gumba aone kinakufa vipi na kufufuka vipi. Simu za mkononi zilipokuja aliishika moja, akaigeuza pande zote akitafuta skrubu. Alisema kitu kisicho na skrubu ni kitu kinachoficha jambo. Hata hivyo aliinunua. Kwenye ukumbi wa video walipoleta gemu ya magari alicheza mara moja tu, akatoka jasho likimtiririka. Maoni yake yalizunguka soko zima kabla ya jioni. Mnadhani ninyi ndio mnaoitazama gemu, aliwaambia, wakati kidole chenu kimo ndani ya mashine na mashine inajua mtakachofanya kabla yenu. Nani anamtazama nani?

Kanisani hakuwa na mashaka. Alisema Mungu hakumwomba amfungue. Alihudumia kipaza sauti cha kanisa bila malipo, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi, padre alimkabidhi kazi nyingine, ya kuandika kila mwaka orodha ya marehemu inayosomwa madhabahuni tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Watu walimletea majina ya wafu wao, naye akayaandika kwa wino katika daftari gumu la bluu, ukoo kwa ukoo.

Ukoo uliompa shida ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Mdogo wake, Fortunatus, alivuka Ruvuma mwaka tisini na tatu, baada ya amani kurudi Msumbiji, akiwa na magunia mawili ya nguo za mitumba na sabuni. Ilikuja barua moja kutoka Mueda, na nyingine mwaka tisini na tano isiyosema anaishi wapi. Baada ya hapo kimya. Dada yao mkubwa, Mabel, alisema kila mwaka kwamba jina liandikwe. Kama amekufa, na Mabel aliamini amekufa, basi yuko huko bila sala hata moja, mwaka wa tisa sasa, wakati hata wasio na ndugu wanasomewa. Cecil alimuunga mkono. Mama yao, Anjelina, alikataa.

Mwaka ule wa elfu mbili na nne alikataa kwa maneno ambayo hayakumtoka Cecil akilini. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, wanabangua korosho za kula uani, na Cecil alikuwa amelitaja daftari tu.

"Wewe," Anjelina alisema, "betri mpya ya dukani huiamini mpaka uiguse kwa ulimi. Mdogo wako umeaminije kwamba amekufa? Umemfungua?"

Mabel alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Mama, mtu aliye hai huandika," Cecil alisema.

"Fortunatus? Yule aliyekuwa anaunguza ulimi kwa uji kila asubuhi kwa sababu hawezi kungoja upoe? Akae chini, atafute kalamu, atafute bahasha, atafute stempu?" Alitupa ganda la korosho. "Anayeombewa kama maiti naye ni mzima, unamfungia mlango. Usiniandikie mwanangu humo."

Wiki hiyohiyo Cecil alikwenda Masasi kununua transista, na huko akasikia kwamba kijana mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara, Nasibu, amefungua chumba cha intaneti karibu na stendi. Alikuwa na kompyuta tatu, jenereta na dishi juu ya bati. Cecil hakuweza kupita. Alimsalimu Nasibu, akaitikia shikamoo yake, akauliza kama anaweza kuona ndani ya kompyuta. Nasibu alisema ndani hapana, lakini mbele karibu. Akamwonyesha drafti.

Sokoni Newala Cecil alikuwa hafungwi drafti kirahisi. Alicheza kwa vizibo vya soda, vyeupe na vyekundu, huku akiwatukana wapinzani wake kwa upole wa mtu wa kanisa. Nasibu alimweleza kwamba hapa mpinzani ni mtu aliyeketi kwenye kompyuta yake mahali popote duniani. Cecil aliketi. Baada ya dakika sita alikuwa amefungwa, na alikuwa na uhakika kwamba ameibiwa. Alikuwa ametengeneza kingi, kingi halisi kwenye mstari wa mwisho, na alipotaka kumrusha ubao mzima kama anavyorushwa kila kingi wa Newala, mashine ilimkatalia. Kingi alitembea hatua moja, kama mgonjwa anayekwenda msalani.

"Hizo ni sheria zao, fundi," Nasibu alisema.

"Zao akina nani?"

Nasibu hakujua. Cecil akauliza swali la pili, ambalo ndilo lililomsumbua zaidi. Atajuaje kwamba yule ni mtu? Nasibu, ambaye alikuwa kijana mkweli, alikiri kwamba watu wakikosekana kwenye mchezo, inasemekana mashine yenyewe hukaa kwenye kiti chao. Kwa kutazama tu huwezi kutofautisha.

Cecil alirudi Newala na habari hiyo, akaisimulia kwa hasira na kwa furaha, chakula cha usiku kikipoa. Alieleza kuhusu kingi kiwete. Alieleza kwamba mpinzani hana jina wala sura, anaitwa Mgeni tu na namba. Ni uongo uliotengenezwa vizuri kuliko wote aliopata kuuona, alisema, na ndiyo maana atarudi tena. Mtu anaweza kuwa Ulaya, anaweza kuwa Dar es Salaam, anaweza kuwa Msumbiji, nawe unaiona kete yake inasogea tu.

Kosa lilikuwa hapo. Hakumwona mama yake akiacha kula.

Majuma matatu yakapita. Kisha Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, Cecil alipotoa daftari la bluu na kuanza kuchora mistari, Anjelina alikuja akasimama mlangoni.

"Mtu wa Mueda anaweza kukaa kwenye ule mchezo?"

"Anaweza, Mama. Lakini..."

"Na hamwonani."

"Hatuonani."

"Nipeleke."

Cecil alieleza kwamba watu wanaocheza ni wengi kuliko korosho za wilaya nzima. Alieleza kwamba nusu yao huenda si watu. Anjelina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba akiyapeleka huko macho yake na akaona hakuna kitu, basi hatamzuia tena. Jina litaandikwa, na Mabel atapumzika. Lakini aone kwanza. Maneno yale yalikuwa ya Cecil mwenyewe, aliyowaambia wateja wake maisha yake yote.

Jumamosi walishuka Masasi kwa basi la alfajiri. Anjelina alivaa gauni la misa na kujitanda khanga mpya. Nasibu alipomwona alisimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Ndiyo nyumba uliyonijengea hii, isiyo na hata jiko?"

"Jiko utakuja nalo wewe, bibi. Mimi nimeleta umeme."

"Umeme haupiki ugali," Anjelina alisema, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kioo cha kompyuta, akafuta uso, na utani ukaisha hapohapo. Nasibu alimtazama Cecil. Cecil alimvuta kando akamweleza kwa kifupi. Nasibu aliinamisha kichwa, akawasha mashine, na hakuutaja muda wala bei.

Mpinzani wa kwanza aliondoka mchezo ukiwa katikati. Wa pili alimfunga Cecil. Anjelina hakuonyesha chochote. Wa tatu aliitwa Mgeni, na namba yake ilikuwa arobaini na nne. Katika hatua ya tatu tu akamtolea Cecil kete ya pembeni, bure, na katika hatua ya tano akatoa nyingine, halafu akala tatu kwa mkupuo.

Anjelina alimshika Cecil mkono.

"Ni yeye."

Na Cecil alikuwa ameona. Fortunatus alicheza hivyo. Tangu utotoni, chini ya upenu wa nyumba yao Chilangala, alikuwa anagawa kete zake kama mwenye harusi, ilimradi mchezo ufike mahali pa kulana upesi. Mara nyingi alifungwa. Lakini mara moja moja alikula tatu, nne, akaruka juu na kuuzunguka uwanja.

Cecil alijikuta anaanza kuamini, na alijichukia kwa hilo. Alijua kwamba wacheza drafti wa namna hiyo wapo kila kijiji. Alijua kwamba mashine inaweza kufundishwa kucheza hivyo, kama spika ya wavu inavyoweza kufundishwa kuonekana spika. Mama yake alikuwa ameusogelea uso wake kwenye kioo mpaka mwanga wa buluu ukamkaa mashavuni. Cecil alijua pia kwamba angeweza kunyamaza. Angeweza kumwacha arudi Newala na mwanawe mzima ndani ya kompyuta ya Nasibu, na kila mwezi wamtembelee. Lakini maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu kwamba radio iliyokufa ni nzima. Aliutoa mkono wake kwenye kipanya.

"Mama, tumpime."

"Unampimaje?"

"Zamu ni yangu. Sichezi. Mchezo huu hauna saa, hakuna anayenilazimisha. Mtu akingojeshwa atachoka, ataondoka, na hapa wataandika kwamba ameondoka. Mashine haichoki."

Anjelina alifikiri. Kisha akaikunja mikono yake mapajani. "Usicheze," alisema.

Wakakaa. Nje adhana ya adhuhuri iliita, Nasibu akaenda kuswali akarudi. Kwenye kioo kete zilisimama palepale. Wateja wengine waliingia, wakasoma barua zao, wakatoka. Nasibu alileta chai na maandazi. Anjelina alishika kikombe bila kunywa, midomo yake ikisogea, na Cecil alijua anasali, lakini hakujua anaomba mgeni yule aondoke au akae. Pengine yeye mwenyewe hakujua. Jenereta ilinguruma. Saa ya ukutani ilikwenda saa nane, ikaenda saa nane na nusu.

Mgeni namba arobaini na nne alingoja.

Saa tisa kasoro Anjelina alikiweka kikombe sakafuni. Chai ilikuwa imeshika utando.

"Si Fortunatus," alisema. "Mwanangu hawezi kungoja hivi. Hata tumboni alitoka kabla ya siku zake." Aliinuka, akajifunga khanga upya. "Mwandikie jina, Cecil. Mwandikie vizuri."

Nasibu alikataa kupokea malipo. Anjelina alimwekea mkono kichwani, akamwambia atafute mke mwenye jiko, na sauti yake haikutetemeka mpaka walipofika stendi.

Basi lilipopanda kurudi Newala mama alilala, kichwa kikigonga bega la mwanawe. Cecil hakulala. Kipimo chake kilikuwa kizuri, alijiambia. Kisha, kama kawaida yake, akaanza kukikagua kipimo chenyewe. Kilithibitisha nini hasa? Kwamba aliyeketi upande wa pili ana subira. Basi. Na Fortunatus ambaye hakuweza kungoja uji alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Miaka kumi na moja ni mingi. Radio ikikaa miaka kumi na moja karibu na moshi wa jiko hubadilika sauti, na ni ileile. Mtu anaweza kufungwa gerezani akajifunza kungoja. Mtu anaweza kuugua. Mtu anaweza kuketi mbele ya mashine mahali fulani, akaona kete za upande wa pili zinacheza kama kaka yake, na akaogopa kuondoka.

Aliutazama utosi wa mama yake, mvi zilizosukwa kwa ajili ya safari. Hakumwamsha. Alikuwa amempa neno lake, na mama alikuwa amempa la kwake.

Jumatatu jioni Mabel alikuja kushuhudia. Alikaa kwenye kiti cha mteja, akiwa na leso tayari. Cecil alichovya kalamu na kuandika chini ya jina la baba yao, kwa wino, kwa herufi zilizosimama: Fortunatus. Mabel alifanya ishara ya msalaba, akasema sasa ndugu yao hatakuwa mpweke, akaenda kumweleza mama. Cecil akabaki peke yake na daftari mpaka wino ukakauka.

Kesho yake padre aliyasoma majina yote. Fortunatus alisomwa kati ya baba yake, Filemoni, na Gaudensia, na Anjelina, kwenye benchi la mbele, aliitikia kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Alisomewa mwaka uliofuata pia, na safari hiyo jina la Anjelina mwenyewe lilikuwemo, mistari miwili chini yake.

Cecil aliendelea kwenda Masasi mara moja kila mwezi. Aliwaambia watu kwamba anakwenda kuchunguza, na ilikuwa kweli. Alifungwa na kufunga. Maoni yake kuhusu michezo ya mtandao hayakubadilika, na aliyarudia kwa yeyote aliyeketi kibandani: ni udanganyifu mtupu, hujui unacheza na nani, usiweke moyo wako pale. Nasibu ndiye aliyesema baadaye, msibani, kwamba fundi hakuwahi kuondoka kwanza. Hata mchezo ukiwa umemshinda, hata jenereta ikikaribia kuzimwa, alikaa mpaka upande wa pili uondoke.

Homa ya mapafu ilimchukua Cecil mwaka elfu mbili na saba, mwezi wa saba, katika siku tatu. Mungu amlaze pema. Kibandani walikuta radio kumi na moja, kila moja na kikaratasi chake, na hakuna mwenye radio aliyepotelewa na kitu. Kopo la mabamba lilikuwa limejaa mpaka juu.

Padre alimwomba binti wa Cecil, Agatha, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alichukue daftari la bluu, kwa kuwa mwandiko wake ulifanana na wa baba. Mwishoni mwa Oktoba Agatha aliketi kwenye meza ileile kunakili orodha upya. Alipofika kwa ukoo wao aliusogeza ukurasa karibu na taa. Pembeni ya jina la Fortunatus, kwa penseli, kwa herufi ndogo ambazo padre akisoma kutoka mbali asingeziona, kulikuwa na neno moja.

Sijaifungua.

Agatha alichukua kalamu. Kisha akaandika Fortunatus kwa wino, akachonga penseli, akaliandika na lile neno pembeni, palepale lilipokuwa. Chini ya jina la bibi yake akaliandika la baba, kwa wino mtupu.